Ndege wa Uwanjani Hasemi

"Wewe ndege una raha zako," alisema Thurman Purcell, ameegemea wavu wa uwanja, mfuko wa karanga za kuchemsha mkononi. "Kazi yako kurukaruka na kutikisa mkia. Huna mtu uliyemkosea duniani."

Luvenia Malloy, aliyekuwa ndani ya huyo ndege, hakujibu. Jasho lilikuwa likimtiririka kutoka shingoni hadi kwenye soksi. Ni Juni, Carolina, jua la mchana, na yeye mwanamke wa karibu miaka sitini amevaa manyoya ya bandia, tumbo la sponji na kichwa chekundu kikubwa kama pipa. Mtu ajibu nini hapo? Na hata angetaka kujibu, sheria ilikuwa moja na haikuwa na mjadala: ndege hasemi.

Timu ya besiboli ya mji wa Ellery inaitwa Vigong'ota. Si timu kubwa. Ni ya vijana wanaoota siku moja kuitwa kwenye timu kubwa, na wengi wao hawaitwi, masikini, wanaishia kurudi kwao kuuza magari. Lakini Ellery inaipenda kufa. Jumapili baada ya ibada watu wanahamia uwanjani na nguo zao za kanisani, na timu ikizidiwa, uwanja mzima unagonga viti vya mbao kwa ngumi, ngo ngo ngo, mpaka mrushaji wa wageni hajui tena mkono wake wa kulia ni upi. Ndiyo maana ndege wa timu anaitwa Ngo-Ngo. Kila mtu alijua, au alidhani anajua, kwamba ndani ya Ngo-Ngo kuna kijana wa chuo mwenye magoti mapya. Wangejua ni mjane wa Rozell Malloy, mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa la Mlima Nebo, loo! Waliojua ni Earline, wifi yake, dada wa marehemu, na Kip, kijana msimamizi wa burudani aliyemwajiri.

"Bi Luvenia," Kip alimwambia siku ya kwanza, "mtoto akikukumbatia, mkumbatie. Mlevi akikutukana, tikisa mkia. Mtu akikuuliza swali, tikisa mkia. Ukishikwa kabisa, huna la kufanya..."

"Nitikise mkia."

"Hapo sasa! Ila sauti, hapana. Mtoto akisikia ndege ana sauti ya bibi yake, tumekwisha."

Luvenia alikuwa akicheka sana akilitazama lile pipa jekundu. Aliyelitengeneza hakuwahi kumwona ndege mwenyewe. Kigong'ota aliyeipa timu jina ni mdogo, anaenea kiganjani, mweusi mwenye mistari myeupe mgongoni na shavu jeupe kabisa. Wekundu wake ni nyoya mbili tatu kando ya kichwa cha dume, na hata hizo huzioni mpaka akasirike. Luvenia alijua kwa sababu alikuwa nao. Nyuma ya nyumba yake, kwenye ule mchanga mweupe wa kwetu, ilisimama misonobari mirefu ya babu yake Rozell, na humo iliishi familia moja: baba, mama, na mwana mkubwa wa kiume ambaye hakuondoka nyumbani, amebaki kuwasaidia wazazi kulisha wadogo zake. Ndivyo walivyo ndege hao. Wanachimba nyumba zao kwenye mti mzima ulio hai, kazi ya miaka, kisha wanautobolea vidonda pembeni ya tundu ili utomvu umwagike kotekote na nyoka ashindwe kupanda. Mti wenye nyumba unauonea mbali, umeganda utomvu mweupe kama mshumaa uliowaka ukasahauliwa.

Sasa, ndege hawa wana kinyaa kimoja. Hawataki vichaka. Mialoni midogo ikichipua chini ya misonobari ikapanda mpaka kuukaribia mlango wao, wanahama, na wakihama hawarudi. Kwa hiyo msitu lazima uchomwe kila baada ya misimu michache, moto mdogo, wa kutambaa, unaokula vichaka na majani makavu na kuuacha msonobari umesimama vilevile. Huku kwetu watoto wanajifunza moto kabla ya kujifunza baiskeli. Lakini msitu hauchomwi na mtu mmoja. Unachoma wa kwako mimi nakuja, nachoma wa kwangu wewe unakuja, na jirani ambaye upepo unaelekea kwake ndiye mkubwa wa siku hiyo. Analima kwa trekta yake njia ya kuuzuia moto mpakani, anasimama hapo mpaka jivu lipoe. Yeye akikataa, hakuna mwingine atakayekanyaga.

Jirani huyo kwa Luvenia alikuwa Thurman Purcell.

Na Thurman alikuwa na sababu. Mara ya mwisho Rozell alipochoma, alikuwa na haraka, hakumngoja Thurman amalize kulima mpaka. Upepo ukageuka. Moto ukavuka ukala banda la kukaushia tumbaku alilojenga baba yake Thurman kwa mikono yake, na majembe na hatamu za nyumbu za huyo mzee zikiwa ndani. Thurman akaenda dukani kwenye kituo cha mafuta, pamejaa watu, akasema Rozell Malloy ni mzembe, hafai kukabidhiwa hata kiberiti. Rozell alikuwa nyuma ya rafu ya mikate. Alisikia neno kwa neno. Akatoka hakununua kitu.

Tangu siku hiyo, kisogo. Wanaume wawili waliobatizwa kwenye kijito kimoja, wanapita barabarani kila mmoja anatazama shamba lake! Mwaka uliofuata moyo wa Rozell ukasimama akiwa anafunga viatu. Kanisa zima lilikuja na vyakula, kuku wa kukaanga, maharage, mikate ya mahindi, keki zisizo na idadi, maana kwetu mtu akifiwa jiko lake haliwashwi. Thurman hakuonekana. Hakuleta hata kipande cha mkate. Watu waliliona hilo na walilisema, na Luvenia akaliweka kifuani.

Basi fikiria mshangao wake, Jumapili moja mwezi wa Juni, Thurman huyohuyo alipokuja kuegemea wavu mbele ya Ngo-Ngo na kuanza kuongea. Kwanza alimtania tu. Jumapili iliyofuata akaja tena, akasema juu ya banda. "Baba alilijenga mwaka niliozaliwa, ndege. Nilikasirika. Mtu ana haki ya kukasirika, au siyo?" Ngo-Ngo akatikisa mkia. Watoto wakacheka. Thurman naye akatabasamu kidogo, lakini hakuondoka.

Kisha siku moja akasema hili, huku anamenya karanga ambazo hazili: "Rozell alipofariki nilinunua paja zima la nguruwe. La moshi, zuri kweli. Nikavaa suti. Nikafika mpaka nje kwao. Magari yamejaa, watu wanaingia na masufuria yao. Mimi nimekaa kwenye pikapu. Nilishindwa kushuka, ndege. Nilikuwa nimesema maneno mabaya, na marehemu aliyasikia, nikaja kuambiwa. Unashukaje hapo na nyama yako mkononi, ukamtazame mkewe usoni?"

Luvenia alilia mlemle ndani. Kilio cha ndani ya pipa ni kibaya, huna pa kufutia machozi. Alitaka kulivua lile lichwa pale pale aseme, Thurman, mimi hapa. Lakini watoto walikuwa wamemning'inia miguuni, na Kip alikuwa kwenye ngazi anamtazama. Akampigapiga Thurman begani kwa bawa. Ndiyo ruhusa pekee aliyokuwa nayo.

Jumapili ya mwisho ya msimu, Thurman alichelewa kuja. Alikuwa amenyoa vizuri.

"Nikuulize kitu," alisema. "Ungekuwa wewe ndiye yule mama. Mtu kama mimi akija akasimama mlangoni kwako, akasema samahani. Ungemfungulia?"

Luvenia alifungua kinywa. Haki ya Mungu, alikifungua. Mtoto mmoja mwenye kofia ya timu akampigia kelele, "Ngo-Ngo, cheza! Ngo-Ngo, cheza!" Kip naye akamwonyesha saa. Luvenia akatikisa mkia. Akautikisa kwa nguvu zote, kulia, kushoto, na jukwaa zima likavunjika mbavu.

Thurman aliutazama ule mkia mpaka ukaacha kutikisika.

"Haya," akasema. "Nimeelewa."

Akaziacha karanga zake juu ya ukuta, akaondoka.

Luvenia alidhani ameelewa kwamba ndege hasemi. Alirudi nyumbani na moyo mzito, na moyo huo ulibaki mzito vuli nzima. Angefanyaje? Akienda kwa Thurman na kumwambia nilikuwa mimi, atakuwa amemvua nguo mzee wa watu: siri zake zote alizomwaga, kumbe anammwagia mwanamke aliyemkosea, naye kanyamaza anasikiliza! Akienda asiseme, amwombe tu trekta huku anajua yaliyomo moyoni mwake, huo ni wizi. Na kulikuwa na jambo lingine, lake mwenyewe, ambalo hata Earline hakuwahi kumwambia. Kwa hiyo hakwenda.

Vichaka havikumngoja. Kufika Februari, mialoni ilikuwa imemzidi Luvenia kimo mara mbili, na tawi moja lilikuwa chini kidogo tu ya tundu la baba. Yule mama ndege alionekana asubuhi moja akigonga kwenye msitu wa mbali, ng'ambo ya barabara kuu, kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga.

"Wifi, unangoja nini?" Earline alimuuliza, mikono kiunoni, wote wawili wakitazama juu. "Wahame ndipo uwapungie mkono?"

"Thurman hatakubali."

"Umemuuliza?"

"Sijamuuliza."

"Ala! Sasa umejuaje? Umeota? Mwezi ujao ukiisha wanaanza kutaga, na hapo hakuna cha moto tena mpaka mwakani, na mwakani utachoma kwa ajili ya nani? Msitu huu kaka yangu kaulinda maisha yake yote, umfie mikononi mwako kwa sababu ya haya? Nenda, Luvenia. Akikutukana, nami nitakwenda kumtukana. Zamu yangu hiyo naingoja kwa hamu."

Luvenia akaenda. Alikwenda kwa miguu, amevaa koti la kanisani, na njia nzima alikuwa akisema maneno yake kimoyomoyo na kuyabadilisha. Thurman alikuwa barazani anatengeneza mnyororo wa msumeno. Alipomwona alisimama, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Dada Malloy."

"Kaka Purcell. Sitakaa. Nimekuja na mawili. La kwanza si zuri, na ukishalisikia huenda hutataka kusikia la pili."

"Sema."

"Yule ndege wa uwanjani. Ngo-Ngo. Aliyekuwa mle ndani ni mimi. Kiangazi chote. Nilisikia yote, Thurman, nisamehe, sikuwa na nia ya..."

"Najua ni wewe."

Luvenia akarudi hatua moja nyuma.

"Nimekuona ukicheza tangu tukiwa shule ya Jumapili," Thurman alisema, na sauti yake haikuwa na utani hata chembe. "Unatanguliza bega la kushoto, unasita kidogo, ndipo unageuka. Hakuna mwingine anayecheza hivyo Carolina nzima. Mwezi wa Juni nilikuona ukigeuka, nikajua. Ulidhani nimezeeka kiasi cha kuzungumza na midoli?"

"Kwa hiyo wakati wote ulikuwa..."

"Nilikuwa naongea na wewe! Usoni kwako nilishindwa. Nikasema, akiwa kajificha pale ndani, labda nitaweza. Nikaja Jumapili baada ya Jumapili. Nikakwambia ya banda, nikakwambia ya ile nyama. Mara moja ukanigusa bega, nikalala usingizi siku hiyo kama mtoto. Nikajipa moyo, nikanyoa ndevu, nikaja kukuomba msamaha mbele ya watu wote wale. Ukanitikisia mkia."

"Ni sheria, Thurman!"

"Sheria gani?"

"Ndege hasemi! Wamenikataza! Watoto watashtuka!"

"Mimi mtoto?"

"Ningekujibuje na mimi ni ndege?"

Thurman alimtazama. Kitu kikamtetemesha mashavu, Luvenia akadhani ni hasira, kumbe kicheko. Kilianzia tumboni kikapanda mpaka kikamkalisha kwenye ngazi, na Luvenia naye akakaa, wakacheka wazee wawili mpaka machozi, na machozi yalipoanza hayakuwa tena ya kicheko tu.

"Mama wee," Thurman alisema mwishowe. "Miezi yote hii najua umenikataa. Hata kanisani nakaa nyuma."

"Nilidhani unaniona mjinga."

"Haya, la pili ni lipi? Msitu?"

"Msitu."

"Jumamosi. Upepo utakuwa wa kusini magharibi, nimesikia kwenye redio. Nitalima njia ya mpakani asubuhi mapema. Waambie wa kanisani nimekubali, watakuja."

Alikuwa amekipata alichokifuata. Angeweza kusimama, kushukuru, kwenda zake, na Jumamosi ndege wangepona. Mtu mwenye akili timamu angefanya hivyo. Lakini Luvenia alibaki amekaa pale kwenye ngazi, anafinya mkoba wake.

"Thurman, umekiri yako yote. Mimi sijakiri langu."

"Lipi tena?"

"Rozell alitaka kuja kwako. Wiki ileile banda lilipoungua. Alitaka kuja kukuomba radhi na kukwambia atakusaidia kujenga lingine. Mimi ndiye niliyemkatalia. Alikuwa amerudi kutoka dukani rangi imemtoka, kaniambia ulivyomsema, nikapandwa na hasira. Nikamwambia hatakwenda kumpigia magoti mtu aliyemwaibisha mbele ya watu. Nikaficha funguo za gari kwenye kopo la unga. Alizitafuta, kisha akaacha kuzitafuta. Hakulizungumza tena. Watu wote wanasema Rozell alikuwa na kiburi. Hakuwa na kiburi. Kiburi kilikuwa changu."

Kicheko kilikuwa kimeondoka usoni mwa Thurman chote. Aliinuka polepole, akauchukua ule mnyororo, akaingia ndani, mlango wa wavu ukajifunga nyuma yake. Luvenia alingoja kidogo. Kisha akarudi nyumbani kwa miguu, na Earline alipomuuliza imekuwaje, alisema amekubali iwe Jumamosi, lakini yaliyofuata hakuyataja.

Jumamosi watu walikuja, maana Earline aliwaambia wote Thurman amekubali, na Luvenia hakuwa na ujasiri wa kumkanusha. Walikuja na reki na mapipa ya maji ya kubeba mgongoni. Earline na Luvenia walikwenda kwenye mti wenye nyumba, wakakwangua majani makavu yote kuuzunguka mpaka mchanga ukaonekana, kwa kuwa ule utomvu ukishika moto mti wote unawaka. Juu yao baba ndege alichungulia tundu, akawagombeza. Upepo ulikuwa wa kusini magharibi, mwepesi, mzuri kabisa. Lakini mpakani kulikuwa kimya, nyasi zimesimama, hakuna aliyelima. Watu wakaanza kutazamana.

"Yuko wapi?" Earline akanong'ona. "Wifi, si ulisema amekubali?"

"Alikubali," Luvenia alisema. "Kisha nikamwambia ukweli."

"Ukweli upi?"

Hakuwahi kumjibu. Ilisikika trekta. Ilikuja polepole kando ya miti, Thurman juu yake na jaketi lake la zamani, analima mpaka bila kumtazama mtu, mstari mmoja wa mchanga mtupu, kisha akageuza akaulima mara ya pili, upana wa kutosha. Alipofika walipokuwa akazima injini. Akashuka, akatembea moja kwa moja hadi kwa Luvenia. Watu wakajifanya wanashughulika na reki.

"Usiku wa kuamkia leo na wa kabla yake sikulala," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa na hasira nawe, sikufichi. Bado ninayo kidogo."

"Ni haki yako."

"Lakini nataka kujua jambo moja. Usinitikisie mkia, nijibu." Alikuwa anauangalia mchanga. "Alitaka kuja kweli? Au unaniliwaza tu?"

"Alikuwa ameshavaa viatu," Luvenia alisema. "Na ile kofia yake ya Pasaka. Alisimama sebuleni hivyo, amevaa, nadhani karibu saa nzima, akiningoja nimpe funguo."

Thurman alitikisa kichwa, akakitikisa tena. Akavuta pumzi ndefu ambayo haikutaka kutoka. Kisha akaweka mkono wake juu ya bega la Luvenia, mbele ya kanisa zima, akauacha hapo, na hakuna aliyewaharakisha.

"Haya, washeni moto," alisema mwishowe. "Upepo hauna muda wa kutungoja."